Dola-Eti Ndani ya Semi



Makao makuu ya wilaya yetu ya Nyasa yako Mbamba Bay. Jina hilo lina maneno mawili, na katikati yake pana nafasi. Mtoto wa darasa la kwanza hapa Lituhi hana shida nalo. Akisema mjomba amekwenda Mbamba Bay, hakuna atakayedhani kwamba mjomba amekwenda miji miwili. Hata kompyuta haina shida nalo, mpaka jina hilo lipite katika mikono ya skripti mbili zilizoandikwa harakaharaka. Hapo Mbamba inashika njia yake, Bay inashika yake, na orodha ya watu inavurugika bila kengele kulia.

Mazungumzo ya leo yana ufundi kidogo, lakini usizime redio. Vijana wengi wa mwambao huu wa Ziwa Nyasa wameanza kuandika skripti, wengine kwenye kompyuta za shule, wengine kwenye simu zao za mkononi kwa programu kama Termux. Wanapanga nyimbo, wanatunza orodha za wavuvi, wanahesabu magunia ya kahawa inayoshuka kutoka milima ya Mbinga. Kosa ninalotaka kulisema liko karibu katika kila skripti ya anayeanza, na katika nyingi za waliokwisha bobea.

Kwanza tuelewane. Sheli nitakayoitaja si ile ya kujaza mafuta. Ni programu inayosoma amri unazoziandika kwa herufi na kuzitekeleza moja baada ya nyingine. Skripti ni faili lenye amri hizo zilizopangwa, ili usizichape upya kila siku. Na agumenti ni yale unayoyaandika mbele ya jina la skripti, kuiambia ifanye kazi yake juu ya nini. Ukiandika sajili, kisha Lituhi, basi Lituhi ndiyo agumenti. Sheli inajuaje agumenti moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi? Inatazama nafasi. Ndiyo maana nafasi iliyomo ndani ya jina inaleta balaa.

Tuchukue jina ambalo hapa Lituhi halihitaji utambulisho: Kapteni John Komba, yule mwanamuziki wa Tanzania One Theatre aliyekuwa mbunge wa Mbinga Magharibi, na ambaye alizikwa hapahapa kijijini mwaka 2015. Tuseme kijana anaandika skripti ya kutunza kumbukumbu za wasanii. Inapokea vitu vitatu kwa mpangilio: jina, kijiji, namba ya simu. Anaandika vizuri, anafungua semi, anaandika Kapteni John Komba, anafunga semi. Kisha Lituhi. Kisha namba. Skripti ya kwanza inapokea vitu vitatu kamili. Mpaka hapo hakuna kilichoharibika.

Lakini skripti ya kwanza haihifadhi kitu yenyewe. Inaiita ya pili, iitwayo hifadhi, na kuikabidhi yale iliyopokea. Kijana ameandika pale: hifadhi, dola-moja, dola-mbili, dola-tatu, yaani agumenti ya kwanza, ya pili na ya tatu. Hakuweka semi. Skripti ya pili inapoamka, jina ni Kapteni. Kijiji ni John. Namba ya simu ni Komba. Lituhi na namba halisi zimesukumwa hadi nafasi ya nne na ya tano, ambazo hakuna anayezisoma.

Na skripti haikulalamika. Haikutoa onyo wala kusimama. Imeandika kwenye faili kwamba yuko mtu aitwaye Kapteni, anayekaa kijiji cha John. Makosa ya kompyuta yanayopiga kelele hayanisumbui sana, kwa sababu yanajitangaza yenyewe. Hili linakaa kimya miezi, mpaka siku mtu anapotafuta jina na kulikosa.

Kwa nini kijana hakuligundua mapema? Kwa sababu aliijaribu skripti yake kwa majina ya nyumbani. Aliandika Lituhi, ikapita. Akaandika Liuli, Lundu, Ngumbo, Mbaha. Yote ni neno moja, yote yalipita. Mwambao wetu una majina mafupi, nayo yalimficha kosa lake. Ingetosha kujaribu Mbamba Bay mara moja tu. Ingetosha Dar es Salaam, ambalo lina maneno matatu. Kwa kweli, katika nchi ambayo jiji lake kubwa kuliko yote lina nafasi mbili katika jina, na watu wake wanajiandikisha kwa majina matatu, sioni udhuru wa fundi kujaribu kazi yake kwa neno moja.

Sasa tufike kwenye kiini. Wengi hudhani kwamba nafasi inapotea njiani, pale skripti moja inapokabidhi kwa nyingine. Sivyo. Njiani hakuna kinachopotea. Kwenye mifumo ya jamii ya Unix, Linux ikiwamo, programu moja inapoanzisha nyingine, kerneli, yaani moyo wa mfumo, hupeleka orodha ya agumenti, kila moja ikiwa imefungwa peke yake na kumalizika kwa baiti ya sifuri. Nafasi iliyomo ndani ni herufi kama herufi nyingine. Mbamba Bay inaondoka nzima na kufika nzima. Anayeikata ni sheli ile inayotuma, sekunde ile inapokitafsiri kigeu, yaani jina linalobeba thamani kama dola-moja, kisicho na semi. Inachukua dola-moja, inaona ndani yake Mbamba Bay, kisha inakisoma upya kile ilichokiona na kukipasua mahali penye nafasi, mahali penye tabo na mahali penye mstari mpya. Halafu, kana kwamba hilo halitoshi, kila kipande chenye nyota inakilinganisha na majina ya mafaili yaliyomo kwenye folda. Yote hayo yanatendeka kabla skripti ya pili haijazaliwa. Kwa hiyo ukikuta hifadhi imepokea vipande, usiende kuikagua hifadhi. Rudi kwa aliyeituma.

Tabia hii ina umri. Sheli ambayo nyingi za leo zimerithi kutoka kwake aliiandika Stephen Bourne katika maabara za Bell huko Marekani, ikatoka na Unix toleo la 7 mwaka 1979. Wakati ule jina la faili halikuweza kuzidi herufi 14, na mafundi waliyabana majina yao mpaka yakabaki konsonanti tupu. Nafasi iliruhusiwa, ila karibu hakuna aliyeitumia. Kigeu kimoja kilibeba orodha ya mafaili mengi, na kukipasua mahali penye nafasi kulikuwa msaada. Kisha zikaja kompyuta za watu wa kawaida. Windows 95 ikaja na folda iitwayo Program Files, maneno mawili, katikati kabisa ya mfumo. Watu wakaanza kuyaita mafaili yao kama wanavyosema. Sheli ikabaki na desturi yake ya 1979.

Sheli nyingine iitwayo zsh, iliyoanzishwa na Paul Falstad mwaka 1990, iliamua kutopasua vigeu hovyo. Tangu 2019 ndiyo sheli ya kawaida kwenye kompyuta mpya za Apple. Hapo umezaliwa mtego mpya: kijana anajifunza kwenye Mac ya mtu, amri zake zinakwenda sawa bila semi, kisha anazihamishia kwenye mashine ya Linux yenye sheli ya bash, na majina yanaanza kukatika. Haelewi kwa nini, maana jana yote yalikuwa sawa.

Turudi kwenye dawa. Sisi wote tunatuma fedha kwa simu, kwa hiyo alama ya nyota na alama ya reli tunazijua vizuri. Sheli nayo inazitumia. Dola-reli inakwambia umepokea agumenti ngapi. Dola-nyota inakupa agumenti zote. Na iko ya tatu, dola-eti, yaani dola na ile alama ya kwenye anwani ya barua pepe, ambayo nayo inakupa zote. Tofauti yao iko katika semi, na ukiielewa hii umemaliza nusu ya kazi.

Ipe skripti vitu vitatu, kila kimoja ndani ya semi zake: Mbamba Bay, Lituhi, na MV Mbeya II, ile meli yetu ya abiria. Vitu vitatu. Sasa skripti hiyo ivikabidhi kwa nyingine, nayo ya pili ihesabu kwa dola-reli. Ukikabidhi kwa dola-eti bila semi, ya pili itahesabu 6: Mbamba, Bay, Lituhi, MV, Mbeya, II. Ukikabidhi kwa dola-nyota bila semi, ni 6 vilevile. Ukiweka dola-nyota ndani ya semi, itahesabu 1, kwa sababu vyote vimeunganishwa kuwa neno refu moja. Ukiweka dola-eti ndani ya semi, itahesabu 3. Hiyo ndiyo tunayoitaka. Kwa maandishi inaonekana hivi: "$@". Herufi nne tu, semi zikiwamo. Sheli imeipa dola-eti haki ya pekee kwamba ikiwa ndani ya semi haitoi neno moja, inatoa maneno mengi kadiri ulivyopokea, kila moja likiwa zima kama lilivyokuja. Na kama hukupokea kitu, haitoi kitu.

Na ukitaka kukabidhi kimoja kimoja, kila kimoja kivae semi zake: "$1", "$2", "$3".

Swali ninaloulizwa mara nyingi na vijana ni hili: mbona niliweka semi mwanzoni, pale nilipoandika amri kwa mkono wangu, kwa nini niziweke tena? Kwa sababu semi hazisafiri. Fikiria mzigo wa usipa unaopelekwa Kyela kwa njia ya ziwa, ambapo kila anayeupokea njiani anaifungua kamba na kubaki nayo. Akitaka kuupeleka mbele, aufunge kwa kamba yake mwenyewe. Sheli ya kwanza iliziona semi zako, ikaelewa kwamba hiki ni kitu kimoja, ikazitupa. Kilichomo kwenye dola-moja ni Mbamba Bay tupu. Kila skripti inayokabidhi ifunge upya.

Wapo wajanja. Wanasema, basi nitazihifadhi semi ndani ya kigeu, ziwe sehemu ya maandishi. Wanatengeneza kigeu kinachosema kijiji, kisha semi, Mbamba Bay, semi, halafu wanakitumia bila kukifunga. Haisaidii. Sheli inapopasua kilichomo ndani ya kigeu haizitambui tena semi zilizomo humo. Kwake ni herufi tu. Utapata kipande kimoja chenye semi mwanzoni, Mbamba, na kingine chenye semi mwishoni, Bay. Umekata jina na kulichafua pia.

Hapo mjanja anapanda ngazi ya mwisho, anatumia amri iitwayo eval, ambayo inailazimisha sheli isome maandishi yote upya kama amri. Hii naomba niiseme kwa ukali: usiitumie kwa majina ya watu. Na sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sababu yetu wenyewe. Tahajia yetu ina ng' yenye king'ong'o, na alama ile ya juu, kwa sheli, ni semi moja iliyofunguliwa. Mpe eval wilaya ya Nyang'hwale kule Geita, au kaunti ya Murang'a kule Kenya, au mtaa wa Ng'ambo kule Unguja. Sheli inaona semi imefunguka, inaitafuta ya kuifunga, haiioni, na amri inakufa pale. Hilo ni la heri. La shari ni mtu mwenye nia mbaya anayejaza katika nafasi ya jina amri ya kufuta mafaili, na eval inaitekeleza kwa utii.

Alama hiyohiyo inaiangusha xargs, programu inayopokea orodha ya majina na kuyagawa kama agumenti. Usipoielekeza vinginevyo, inapasua kwa nafasi na pia inaziheshimu semi, kwa hiyo faili lenye jina la Murang'a linaifanya ilalamike kwamba semi haikufungwa. Dawa ni kuiambia find, amri inayotafuta mafaili, itenganishe majina kwa baiti ya sifuri, kwa -print0, na kuiambia xargs isome hivyohivyo, kwa -0. Baiti ya sifuri haiwezi kuwamo ndani ya jina la faili, wala la Kiswahili wala la Kijerumani. Kama unahifadhi historia ya ziwa hili, unaweza kuwa na faili la ile meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyopigwa mizinga na Gwendolen ya Waingereza hapo Liuli mwezi Agosti 1914. Maneno matatu yale yatapita salama.

Na ukihitaji kukusanya agumenti polepole kabla ya kuzikabidhi, tumia safu ya bash, ambayo inaweka kila kitu kwenye chumba chake. Kama skripti yako inaanza na sh tupu, angalia: kwenye Ubuntu, tangu 2006, sh ni sheli iitwayo dash, nayo haina safu. Hapo tumia set ikifuatwa na vistari viwili, ambayo inaipanga upya dola-eti yenyewe.

Kuna pahali pamoja ambapo hata semi nzuri hazitoshi. Ni pale unapotuma amri kwa mashine ya mbali kwa ssh. Uko Lituhi, mashine iko Dar es Salaam. Umeandika ssh, jina la mashine, hifadhi, na Mbamba Bay ndani ya semi. Sheli ya hapa inazila semi. Kisha ssh inaunganisha maneno yako yote kuwa mstari mmoja wenye nafasi katikati na kuutuma. Sheli ya kule inausoma mstari huo upya tangu mwanzo, na kuukata. Jina limesomwa mara mbili, kwa hiyo lifungwe mara mbili. Bash ina printf yenye %q, ambayo inalitayarisha neno ili likisomwa tena lirudi kuwa neno lilelile. Au usilitume kama agumenti kabisa. Lipitishe kama data, mashine ya kule isome mstari wenyewe. Mimi naipenda njia hii ya pili, maana haina cha kukosea.

Ukidhani haya ni mambo ya wanafunzi, sikiliza. Novemba 2001 kampuni ya Apple ilitoa toleo la 2 la iTunes kwa kompyuta za Mac. Ndani ya kisakinishi mlikuwa na skripti, na ndani ya skripti mlikuwa na amri ya kufuta toleo la zamani, ikitumia agumenti isiyo na semi. Mwenye diski yenye nafasi katika jina lake, amri ilikatika katikati, na nusu ya kwanza ya jina ikawa ndiyo kitu cha kufutwa. Watu walipoteza data zao. Apple ikaliondoa toleo hilo upesi na kutoa jingine. Kampuni ile ilikuwa na mafundi wengi kuliko wilaya zetu zote za Ruvuma.

Kuna wanaosema dawa ni moja tu: usiweke nafasi katika majina. Weka kistari cha chini. Ndivyo ilivyofanya orodha ya saa za dunia inayotumika katika kompyuta na simu nyingi, ambamo saa yetu imeandikwa Africa/Dar_es_Salaam, vistari viwili vikishika pahali pa nafasi. Kwa jina la faili ambalo ni lako, unalolitunga mwenyewe, sina ugomvi. Nami nafanya hivyo. Lakini jina la mtu si lako. Jina la mtumbwi si lako. Mvuvi aliyeuita mtumbwi wake Subira Yavuta Heri aliuandikisha hivyo, na haki yake ni kuuona hivyo kwenye orodha na kwenye risiti. Skripti inayomtaka aunganishe maneno ili isichoke imehamishia uvivu wa fundi kwa mwananchi. Fundi ndiye aongeze herufi mbili.

Kuna chombo cha bure kiitwacho ShellCheck, kilichoandikwa na Vidar Holen. Unakipa skripti yako, kinakuonyesha kila kigeu kilichoachwa bila semi, pamoja na namba ya kosa. Utakutana sana na SC2086. Ukishakisakinisha kinafanya kazi bila intaneti, jambo ambalo huku ziwani lina uzito wake.

Basi jioni hii, kabla hujalala, fungua skripti yako moja. Tafuta kila dola-moja na kila dola-eti iliyo uchi, uivike semi. Kisha ijaribu kwa majina matatu: Mbamba Bay, Nyang'hwale, na jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho chako. Yakitoka upande wa pili vilevile, mpe jirani naye ajaribu ya kwake. Yasipotoka vilevile, usimkabidhi mtu yeyote orodha hiyo mpaka umeirekebisha.